Mbavu Zilizokataliwa na Pipa

Wamarekani wanaobanika mbavu za nguruwe hupenda kusimulia asili ya chakula chao kana kwamba kilianza enzi za mababu: handaki la moto, kuni za hikori, moshi wa usiku kucha, na viungo ambavyo siri yake imerithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Simulizi hiyo ni tamu, na kwa upande mmoja ni ya kweli. Ila ukiacha kuufuata moto ukazifuata mbavu zenyewe, unafika mahali pengine kabisa: kwenye ghala la chumvi, karakana ya mapipa, kituo cha reli na chumba cha barafu. Ninachodai hapa ni kwamba mbavu za kubanika, zikiwa sahani inayosimama peke yake, ni zao la mji na kiwanda, na umri wake ni mdogo kuliko tunavyoambiwa. Ujuzi wa moto ni wa kale, lakini sahani yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 20. (Msomaji ambaye dini yake haimruhusu nguruwe asilifunge gazeti, nusu ya habari hii ni ya reli na barafu, vitu ambavyo ni halali kwa wote.)

Nguruwe si mwenyeji wa Amerika. Columbus aliwashusha katika visiwa vya Karibi kwenye safari yake ya pili, mwaka 1493, na Hernando de Soto alipotua Florida mwaka 1539 alikuwa na kundi lililotembea na jeshi lake, akiba ya chakula inayojibeba yenyewe. Baadaye walowezi wa Kiingereza wa Virginia na Carolina waliwaachia nguruwe wao msituni wajitafutie mizizi na mbegu za mwaloni, ufugaji ukawa karibu hauna gharama. Kwa hiyo nguruwe akawa nyama ya kusini mwa Marekani, na kumbanika likawa jambo la hadhara: siku za uchaguzi, siku za kusherehekea uhuru. George Washington aliandika katika shajara yake ya mwaka 1769 kwamba alikwenda kwenye karamu ya namna hiyo mjini Alexandria akalala hukohuko. Waliochimba mahandaki, wakakesha na makaa na kugeuza nyama, walikuwa watumwa weusi. Mmoja wao, Wesley Jones wa South Carolina, alihojiwa miaka ya 1930 akiwa mzee sana, serikali ilipotuma watu kukusanya kumbukumbu za waliowahi kuwa watumwa. Anaeleza jinsi alivyokesha akiipaka nyama siki iliyochanganywa na pilipili, chumvi, siagi, vitunguu na majani ya kunukia, na mpishi wa leo angeweza kuyafuata maelezo yake bila kupotea njia. Lakini tazama alichokuwa nacho juu ya moto: nguruwe wazima, mbuzi wazima, kondoo wazima, na nusu nzima za ng'ombe. Kitabu cha mapishi cha Mary Randolph wa Virginia, cha mwaka 1824, nacho kinapofundisha kubanika kinataja robo ya mbele ya nguruwe mchanga. Mbavu zimo ndani ya vyote hivyo, bila shaka, kama zilivyomo ndani ya kila mnyama, ila hakuna aliyeziita kwa jina lake wala kuziwekea bei. Mtu anayelisha mamia ya wapigakura ana sababu gani ya kuketi na kisu atenge mbavu?

Hapo msomaji mwenye haraka ataniuliza: ina maana hao watu hawakula mbavu? Walikula, tena kwa furaha, lakini kwa siku chache tu katika mwaka. Kabla ya barafu ya kiwandani, mkulima wa Marekani alichinja nguruwe majira ya baridi, hewa yenyewe ilipokuwa jokofu. Mapaja yalitiwa chumvi na kutundikwa kwenye moshi, nyama ya tumbo ikawa bekoni, mafuta yakayeyushwa na kutiwa mitungini, na vyote hivyo vikangoja hadi kiangazi kijacho. Mbavu hazikungoja. Zilikuwa fungu la siku ya kuchinja pamoja na maini na figo: jirani aliyekuja kusaidia aliondoka na kipande, familia ikakaanga au kuchemsha kilichobaki, na baada ya siku chache hadithi ikaisha hadi mwaka unaofuata. Chakula kinacholiwa kwa namna hiyo huwa na kumbukumbu nzuri mezani, ila hakina biashara. Hakuna awezaye kufungua kibanda cha kuuza kitu kinachopatikana wiki moja ya Desemba.

Biashara ilianzia Cincinnati, mji wa Ohio uliokaa kando ya mto wa jina hilohilo, na ilianza kwa kuzidharau mbavu. Kufikia miaka ya 1840 Cincinnati ndiyo iliyoongoza Marekani nzima kwa kusindika nyama ya nguruwe, hata ikatungiwa jina la utani, Porkopolis. Frances Trollope, mwandishi wa Kiingereza aliyehamia huko mwaka 1828, alijaza malalamiko kitabuni mwake kuhusu nguruwe waliozurura mitaani wakila takataka. Kwa maoni yangu nguruwe hao walikuwa idara ya usafi pekee ambayo mji ule ulikuwa nayo. Kila msimu wa baridi mamia ya maelfu ya nguruwe waliswagwa hadi mjini kutoka mashamba ya mahindi, wakachinjwa, wakakatwa vipande na wafanyakazi waliopangwa kwa safu, kila mmoja na pigo lake la shoka, na nyama ikashindiliwa na chumvi ndani ya mapipa ya ratili 200, yaani kilo 90 hivi. Mapipa yakateremka mtoni hadi New Orleans, na kutoka hapo yakalisha mashamba ya pamba na mabaharia. Mafuta yakawa mishumaa na sabuni; kampuni ya Procter & Gamble ilianzishwa katika mji huohuo mwaka 1837 kwa biashara hiyo hasa. Nywele ngumu za mgongoni zikawa brashi.

Katika hesabu hiyo mbavu zilikosa mahali. Mfupa haunywi chumvi, na nyama iliyoshikana na mfupa ndiyo ya kwanza kuharibika. Mbavu zikiachwa ndani ya pipa zinakula nafasi, na anayelipia usafirishaji wa kilo 90 hataki kusafirisha mifupa. Ni kweli kwamba zilikuwapo nyama za daraja la chini zilizouzwa zikiwa na mbavu zake, lakini kadiri daraja lilivyopanda ndivyo mifupa ilivyopungua, na upande wa nguruwe wa daraja safi uliondolewa mbavu zote. Kwa hiyo kila siku ya kuchinja kiwanda kilibaki na milima ya mbavu mbichi, zenye nyama tamu katikati ya mfupa na mfupa, zisizoweza kutiwa chumvi, zisizoweza kusafirishwa, na zitakazonuka hali ya hewa ikigeuka kidogo tu. Ziligawiwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa wakazi wa karibu. Wahamiaji wa Kijerumani, waliokuwa wengi mjini, walizichemsha pamoja na kabichi iliyochachushwa. Narudia: walizichemsha. Neno hilo tutalihitaji baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilifunga soko la kusini, na reli zikahamishia ukuu Chicago. Tarehe 25 Desemba 1865 yalifunguliwa mazizi makubwa ya Union Stock Yards, yaliyounganisha njia za reli za mji mzima mahali pamoja. Kansas City ikapata mazizi yake mwaka 1871, na East St. Louis mwaka 1873. Kilichobadilisha mambo zaidi ya ukubwa ni barafu. Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vilijenga vyumba vilivyopozwa kwa barafu iliyokatwa maziwani, baadaye kwa mashine, na uchinjaji ukaacha kuwa kazi ya msimu. Mwaka 1878 mhandisi Andrew Chase alimtengenezea msindikaji wa nyama Gustavus Swift behewa la baridi lililofaa kweli. Lilikusudiwa nyama ya ng'ombe, lakini njia ikishafunguka haimchagui apitaye. Nguruwe akawa anachinjwa Julai kama Januari. Maana yake ni kwamba mbavu, ambazo kwa mkulima zilikuwa bahati ya siku tatu, sasa zilipatikana kila siku ya mwaka, zikiwa mbichi, kwa bei ndogo, katika miji michache inayojulikana kwa majina. Ramani ya miji hiyo na ramani ya miji inayojisifia mbavu leo zinafanana mno kuwa ni bahati: Chicago, Kansas City, St. Louis. Huko North Carolina, ambako utamaduni wa kubanika ni mkongwe kuliko wa hiyo yote, fahari ya mpishi imebaki kuwa nguruwe mzima au bega.

Mbavu za bure peke yake hazitoshi kuwa chakula kizuri. Ilibidi afike mtu anayejua kuzifanyia kitu, na alifika kwa treni. Kati ya mwaka 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliondoka kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi, wakikimbia ukatili wa ubaguzi na kufuata ajira, zikiwamo za machinjioni. Henry Perry, aliyezaliwa karibu na Memphis na kufanya kazi ya upishi kwenye meli za mtoni, alifika Kansas City mwaka 1907, na mwaka uliofuata akaanza kuuza nyama ya moshi kichochoroni, ikiwa imefungwa kwenye karatasi za gazeti. Nisimpambe kwa alichokuwa hana: Perry hakuwa mtu wa mbavu peke yake, kwani aliuza ng'ombe, na hata rakuni na oposamu walipopatikana. Alichokithibitisha ni kwamba handaki la shambani linaweza kuhamia mjini, likawa tanuri la matofali nyuma ya kibanda, na wateja wakala wamesimama. Alipofariki mwaka 1940 kazi ilikwenda kwa Charlie Bryant aliyemfanyia kazi, kisha mwaka 1946 kwa nduguye Arthur, na jina la Bryant likaenea nchi nzima.

Mji ulipoukaribisha moto, mbavu ndizo zilizoufaa kuliko nyama nyingine yoyote, na hapa inafaa tukae kidogo jikoni. Nguruwe mzima anataka handaki refu, watu kadhaa na saa 12 au zaidi. Mbavu zinaingia kwenye tanuri dogo na kuiva kwa saa 5 au 6 za moto wa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi. Ni nyama nyembamba, moshi unaifikia yote. Ina mafuta ya kutosha kujipaka yenyewe. Ina tishu nyingi ngumu zinazoshikilia misuli, na tishu hizo huanza kuyeyuka na kuwa utomvu laini nyama ikipita nyuzi 70 hivi, mradi iachiwe muda. Ukiiharakisha kwa moto mkali unapata kamba ya kutafuna. Kazi ya mikono ni ndogo: ung'oe ule utando mwembamba wa upande wa ndani, ambao hauruhusu viungo wala moshi kupita, utie chumvi, pilipili na sukari kidogo, kisha uwe mvumilivu. Tena mbavu zimekwisha kupimwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe: kila mfupa ni tonge lenye mpini, hazihitaji sahani wala kisu, kipande cha mkate mweupe chini yake kinatosha kukusanya mchuzi. Kwa mfanyakazi anayetoka zamu ya usiku akiwa na senti chache, hakuna chakula kilichomfaa zaidi, na kwa muuzaji asiye na mtaji wa meza na viti, hakuna biashara nyepesi zaidi.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote, kwangu mimi, ni kwamba jambo hilohilo lilijirudia ndani ya mbavu zenyewe. Wachinjaji walipoanza kuzichonga zikae mraba mzuri, kwa mkato unaoitwa wa St. Louis, walibaki na ncha: gegedu na vipande vya mfupa wa kifua, vyenye nyama iliyojificha pembeni. Taka ya taka. Wapishi weusi wa kusini na magharibi mwa Chicago, wengi wao wakiwa wametoka Mississippi, walizinunua ncha hizo kwa bei ya chini wakazibanika katika masanduku ya vioo ambayo wenyeji huyaita akwariamu. Ndugu wa familia ya Lemons, wazaliwa wa Indianola, Mississippi, walifungua Lem's mwaka 1954, na ncha za mbavu zikawa alama ya upande huo wa mji. Memphis, inayojisifia mbavu pia, haikuwa mji wa machinjio wa kulingana na Chicago, na mtu anaweza kuitumia kunipinga. Lakini sikiliza jinsi mbavu zilivyoingia Rendezvous, nyumba maarufu kuliko zote mjini humo. Charlie Vergos, wa asili ya Kigiriki, aliifungua mwaka 1948 katika chumba cha chini ya ardhi, akauza sandwichi za paja la nguruwe. Mbavu alizianza miaka kadhaa baadaye, pale muuzaji wa nyama alipomletea kipande ambacho hakikuwa na soko. Akazichoma juu ya makaa, akazinyunyizia siki na viungo vyenye harufu ya Ugiriki, na leo watu wanasafiri kwenda kula urithi huo wa Memphis, ambao umri wake haufiki hata ule wa Union Stock Yards zilipofungwa mwaka 1971, baada ya miaka 105.

Kuna pingamizi zito kuliko hayo. Mtu anaweza kusema kwamba nikizipa barafu na reli sifa nawanyima wapishi weusi haki yao, kwa mara nyingine. Naona ni kinyume chake. Simulizi ya mababu na handaki huwafanya wapishi hao waonekane watunzaji wa kitu kilichokuwapo tayari, wakati rekodi inaonyesha wakibuni: walichukua mbinu iliyotungwa kwa mnyama mzima na umati wa kijijini, wakaigeuza kuwa biashara ya kipande kimoja, mteja mmoja, tanuri moja. Kiwanda kilitoa mifupa. Wao ndio waliotoa wazo. Pingamizi jingine linatoka mbali zaidi. Wachina wamekula mbavu za nguruwe tangu kale, zikikatwa vipande vidogo na kupikwa kwa soya na sukari, na hakuna kiwanda cha bekoni kilichowafundisha. Hilo ni sahihi, na linaonyesha mpaka wa hoja yangu: mbavu zinaweza kupendwa popote, lakini zilipotengwa na kuachwa kwa wingi ndipo zilipokuwa sahani ya maskini wa mjini kisha fahari ya mji. Tanzania inatoa kipimo kizuri cha upande wa pili. Kitimoto hupimwa kwa kilo au nusu kilo, mfupa na mnofo pamoja, ikakatwakatwa, ikakaangwa na kuletwa na ndizi, pilipili na ndimu. Mbavu zimo humo, na mlaji mjanja anajua kuziomba, ila hazijapata jumba lao wala mashindano yao, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyechukua mnofo wote akawaachia wengine mifupa.

Utaratibu wa pipa haujafa, umehama tu. Denmark ilianzisha machinjio yake ya kwanza ya ushirika mjini Horsens mwaka 1887 ili kuwauzia Waingereza bekoni, na bekoni ya Waingereza hutoka kwenye nyama ya mgongo iliyotolewa mbavu. Mbavu hizo fupi za mgongoni zikawa ziada kwa Wadenishi, na migahawa ya Marekani, iliyoanza kuzipigania baada ya nyumba kama Tony Roma's ya Florida kuzipa jina miaka ya 1970, ikawa mnunuzi wao mkubwa. Mwaka 1981 McDonald's ikaleta McRib, kipande cha nyama ya nguruwe iliyosagwa na kufinyangwa, kisicho na mfupa hata mmoja, lakini chenye matuta yaliyochorwa yafanane na mifupa. Wasindikaji wa Cincinnati, waliolipa watu wakawaondolee mbavu, wangehitaji kuelezwa jambo hilo zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana siwezi kujiunga na wale wanaowakaripia wenzao kwa kuchemsha mbavu kabla ya kuziweka motoni. Kwa upande wa ladha, wana hoja: maji huondoka na sehemu ya utamu, na moshi haupatani vizuri na nyama iliyolowa. Ila wanaposema kwamba kuchemsha ni kuvunja mila, wanakosea karne. Wajerumani wa Cincinnati walikuwa wakizichemsha wakati Henry Perry hajazaliwa. Mwenye tanuri, kuni na Jumamosi nzima azibanike taratibu. Mwenye jiko la gesi na wageni wa saa moja jioni achemshe kwa moto mdogo na kitunguu na siki, azikaushe, azipake viungo, azimalizie juu ya makaa. Na asimwage ile supu.